Buluu ya Bi Matone

Walimwita Bi Matone kwa sababu hakuwahi kupita mahali asiache tone. Ungemfuata kutoka chumba chake cha kazi hadi jikoni ungeona nyayo zake sakafuni kwa rangi, kijani hapa, zambarau pale. Wifi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga deki, alisema siku Bi Matone atakapokufa atamfuata kwa matone hayo hayo mpaka ajue alikokwenda. Walikuwa wakiishi wawili tu. Mume wa Bi Matone, kaka wa yule wifi, alikuwa amefariki zamani, na wajane wengi katika hali hiyo hugawana masufuria na mawifi zao kisha kila mtu akashika njia yake. Hawa hawakugawana kitu. Mmoja alishona nguo chumba cha mbele, mwingine alichora maua chumba cha nyuma, na kutwa nzima walirushiana vijembe kupitia mlango uliokuwa katikati.

Maua yenyewe yalikuwa magugu. Bi Matone hakuchora waridi wala chochote ambacho mtu amekimwagilia maji kwa makusudi. Alichora yale yanayoota kwenye mitaro, kwenye nyufa za kuta, kando ya reli, na hasa yale ya zambarau yaliyojaa uwanja wa nyuma ya nyumba kabla uwanja haujajengwa maghala. Na hakuwa mtu wa vifaa vingi. Alikuwa na kisanduku cha bati chenye vidonge vya rangi vilivyochimbika katikati kwa kusuguliwa, brashi tatu ambazo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuzihamisha, na vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine kisafi ambacho wifi aliwahi kukinywa kwa makosa akasemwa wiki nzima.

Anasa yake ilikuwa karatasi. Alinunua ile nzito ya pamba, akailoweka kwenye beseni, akaitandaza juu ya ubao na kuibana kingo kwa utepe wa gundi ili ikikauka ikaze na isijikunje tena. Rangi nyeupe hakuwa nayo kabisa. Mahali palipotakiwa pawe peupe, pale mwanga unapoligusa ua, hakupaka kitu. Aliiacha karatasi yenyewe iseme. "Nyeupe hainunuliwi," alikuwa akiwaambia wale wachache waliowahi kuja kujifunza kwake, "nyeupe inaachwa." Kanuni yake ya pili ilikuwa fupi zaidi: usichore usichokiona. Ua lilikaa kwenye glasi mbele yake, bichi, na likinyauka aliweka brashi chini na kwenda kuchuma jingine.

Namna yake ya kumalizia picha ilikuwa ya peke yake, na aliionea fahari kupita kiasi. Hakupenda kioo. Alisema picha iliyo nyuma ya kioo inakuonyesha uso wako kwanza na ua baadaye. Kwa hiyo picha iliyokusudiwa kutundikwa alimpa fundi wa fremu aibandike juu ya ubao mwembamba, kisha yeye akaipeleka uani, akaipulizia vanishi ya kopo kwa mkono mwepesi, akangoja, akapuliza tena, kisha akaisugua kwa nta na kitambaa laini mpaka maji yakimwagika juu yake yateleze tu. Ila alijua vizuri kwamba hapo ndipo mlango unapofungwa. Rangi ya maji husamehe. Ukikosea leo, hata ukigundua mwakani, utalowesha brashi, utaiamsha rangi na kuifuta polepole. Ukishapuliza vanishi, ulichokosea kimekaa.

Katika maisha yake alichapishwa mara moja. Kitabu kiliitwa Maua Yasiyopandwa, maneno yakiwa ya mwalimu mmoja wa mimea ambaye naye ametangulia mbele ya haki, na picha zote zikiwa zake. Mpiga chapa alikiharibu. Zambarau zote zilitoka kahawia, kana kwamba mtu alimwaga chai juu ya kila ukurasa akapangusa kwa haraka. Watu walikinunua hata hivyo, wakakisifu, wakamwomba awawekee sahihi, naye alikuwa akiweka sahihi bila kukifungua. Nakala yake mwenyewe aliiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Michoro ya asili aliipanga kwenye sanduku la bati, kila mmoja na karatasi laini juu yake, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kungoja jambo moja tu: kitabu kichapwe tena, na safari hii watu waone alichokiona yeye.

Basi baada ya miaka mingi akaja mhariri. Kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisema wanataka kukitoa kitabu upya, kikubwa, kutoka kwenye michoro ya asili, na rangi zitalinganishwa moja moja kabla ya kuchapwa. Tena siku ya uzinduzi picha zenyewe zingetundikwa katika ukumbi wao. Bi Matone alimwomba arudie. Chumba cha mbele cherehani ilinyamaza. Mgeni alipoondoka, Bi Matone alikaa na mikono magotini akasema, bila kumwambia mtu, kwamba sasa hata akifa ni sawa. Wifi akamjibu kutoka kule kwamba kwanza anywe chai yake, inapoa.

Alipofungua sanduku la bati alikuta karatasi zimekuwa manjano. Zambarau zilikuwa zimefifia, zimeingia uchafu, zimekaribia kabisa ile kahawia aliyoichukia. Hakulia. Alizipanga kitandani moja baada ya nyingine akazitazama, kisha akalaumu unyevu, akalaumu bati, akajilaumu mwenyewe kwa kutozitoa zikapata hewa.

Hapa ndipo mtu angetaka kumshika mkono amkalishe chini. Maana si karatasi tu. Balbu ya chumbani alishaisema kwamba ina mwanga mbovu, wifi akaibadilisha, na ile mpya nayo ikawa mbovu. Duka la karatasi alishagombana nalo kwamba linauza mali iliyokaa. Mashuka ndiyo usiseme. Kila yakifuliwa alisema yana umanjano, kwamba siku hizi wifi anafua kwa kupitisha tu, mpaka wifi, kwa hasira, siku moja akatia buluu ya kufulia mara mbili ya kawaida na kuyaanika mashuka ambayo jirani alidhani ni mapazia. Bi Matone aliyashika, akayanusa, akasema, "Sasa ndiyo nyeupe." Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa kimezeeka isipokuwa yeye.

Akaamua kuziokoa picha. Alichanganya buluu kwa maji mengi, nyepesi kiasi cha kutoonekana kwenye kisahani, akachukua brashi pana na kuipitisha juu ya karatasi mara moja tu, upande mmoja hadi mwingine, bila kurudi, kwa sababu ukirudi unaamsha rangi ya chini na kila kitu kinakuwa tope. Ikikauka, anatazama. Bado manjano kidogo. Anapitisha tena. Hata yale mapengo aliyoyaacha ujanani ili karatasi iseme, nayo aliyapitia, mpaka weupe ulipomrudia. Halafu akaingia kwenye petali, akatia buluu, akatia tena, mpaka zambarau ilipotulia machoni pake kama alivyoikumbuka. Na kweli aliikumbuka tu. Glasi mezani ilikuwa tupu. Magoti yalishamsumbua, uwanja ulishajengwa, na alisema maua yale anayo kichwani, hahitaji kuyafuata mtaroni. Mtu aliyewakatalia wanafunzi wake jambo hilo kwa ukali alijiruhusu mwenyewe, na mkono wake wakati huo ulikuwa bado imara, kazi safi, hakuna hata doa. Aliimba alipokuwa akifanya kazi. Wifi hakuwa amemsikia akiimba tangu kaka yake alipozikwa.

Wifi aliona. Angeachaje kuona, wakati ndiye aliyekuwa akipeleka chai? Aliona karatasi zinageuka kama yale mashuka yake. Lakini kati yao kulikuwa na jambo la zamani. Wakati mmoja, mbele ya wageni, wifi aliwahi kusema ua fulani ni la pinki. Bi Matone akamwambia mbele ya hao hao kwamba lile ni zambarau, na kwamba mtu anayelinganisha uzi na kitambaa kwa kubahatisha awaachie rangi wenye macho. Hawakusemeshana mpaka kaka mtu alipoingilia kati. Tangu hapo wifi alikuwa na maoni juu ya chumvi, majirani, siasa na mazishi, lakini juu ya rangi alikuwa na kufuli mdomoni.

Alichofanya ni kwenda mwenyewe mtaroni, na umri wake ule, akachuma ua la zambarau na kuliweka kwenye glasi mezani kwa Bi Matone. Bi Matone aliliinua dirishani, akaligeuza, akasema limenyauka, limeshapoteza rangi yake, na kwamba enzi zao maua yalikuwa maua. Akalitupa. Wifi akarudi kwenye cherehani.

Siku nyingine Bi Matone alikuja chumba cha mbele kuichukua picha ndogo iliyoning'inia juu ya cherehani. Ilikuwa moja ya zile za kitabuni. Alimpa wifi tangu alipokuja kuolewa na kaka yake, ikiwa ndani ya kioo, maana zamani hizo alikuwa bado hajapata akili ya nta. Alisema hiyo nayo atairudishia rangi. Wifi akaacha kushona.

"Hii iache," alisema. "Hii ni yangu."

Bi Matone alieleza kuwa hamnyang'anyi, ataitengeneza tu. Wifi alisimama mbele yake na mkasi mkononi, akasema kitu alichopewa hakiombwi. Bi Matone akatoka kwa shingo upande, akisema kupitia mlango kwamba basi kitabu kitakosa ukurasa mmoja, na watu wakiuliza atawaambia ni kwa sababu ya roho ya nani.

Fundi wa fremu, aliyezibandika picha nyingine zote kwenye mbao, naye aliona. Alimuuliza Bi Matone kama amebadilisha mtindo, akajibiwa kwamba hapana, ameurudia, na fundi akachukulia kwamba wachoraji wana mambo yao. Kisha Bi Matone akazibeba uani, akapuliza vanishi, akangoja, akapuliza tena, akasugua nta. Alimwita wifi aje kumwagia moja maji aone yanavyoteleza. Wifi alimwaga. Yaliteleza.

Mhariri alizichukua kwa furaha, na alirudi bila furaha. Alikalia ukingo wa kiti akazunguka kwanza, akauliza habari za magoti, akasifu chai. Mwishowe akauliza kama hizi ndizo zenyewe za asili. Bi Matone akamuuliza kama anadhani kuna kiwanda kingine. Kijana alieleza, macho yakiwa kwenye zulia, kwamba wataalamu wa mimea wamesema maua hayatambuliki, kwamba wamejaribu kuipunguza buluu kwenye kompyuta na kila ikitoka inatoka na ua lenyewe. Bi Matone alimwambia alete wataalamu wenye macho. Hakuna aliyepandisha sauti. Mbao zilirudishwa zikiwa zimefungwa vizuri sana, na kitabu kilipotoka kilikuwa kimejaa picha za kamera. Jina lake lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, baada ya dereva. Alikisogeza karibu na uso akapitisha kidole juu ya jina, kisha akaomba asaidiwe kutafuta mguu mwingine wa meza ulio mfupi.

Kuanzia hapo alivunjika moyo. Hakuchora. Alikaa akiwalaani mhariri na mpiga chapa wa kale kwa pumzi moja. Siku alipomimina maji ya moto pembeni ya kikombe, juu ya mkono wake mwenyewe, wifi alimvalisha viatu akamburuta kwa daktari wa macho. Daktari alimmulika, akasema ana mtoto wa jicho macho yote mawili, tena wa muda mrefu. Bi Matone, ambaye hakujaliwa kuzaa, alisema amekaa na mume mpaka akamzika bila mtoto, leo anaambiwa anao wawili. Daktari alicheka. Wifi hakucheka. Alikuwa amemsikia daktari akieleza kwamba mtu wa namna hii huiona dunia kupitia kitu cha manjano na hajui, kwa sababu hali huingia polepole. Bi Matone yeye alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake.

Hospitalini wakampasua jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipotolewa aliuliza kuta za wodi zimepakwa lini. Njiani aliitazama anga mpaka akajikwaa, na wifi alimshika kiwiko. Walipofika nyumbani Bi Matone aliingia chumbani ajilaze. Akasimama mlangoni.

"Wifi," aliita, "haya mashuka mbona ya buluu?"

Cherehani haikulia. Bi Matone aliyashika, akayageuza. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akakata kamba ya furushi la mbao, akaigeuza ya kwanza, akaigeuza ya pili, akazigeuza zote. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba wamemharibia kule ofisini. Akailamba ncha ya kidole na kusugua. Nta ilikuwa nta yake. Chini ya nta mipigo ya brashi ilikuwa yake pia, mipana, iliyonyooka, bila kurudi hata mmoja. Akalowesha kitambaa akasugua tena, akijua fika, na maji yakateleza.

Alikwenda chumba cha mbele. Wifi alikuwa amekaa, mikono juu ya kitambaa. Juu yake ile picha ndogo ilikuwa ndani ya kioo chake, na Bi Matone aliiona kwa mara ya kwanza baada ya miaka asiyoweza kuihesabu. Karatasi ilikuwa nyeupe. Zambarau ilikuwa changa, yenye wekundu kidogo kwenye koo la ua, na mahali mwanga ulipoligusa hapakuwa na kitu kabisa. Hakujua kwamba alikuwa hodari kiasi kile.

"Zote zilikuwa hivi?"

"Zote," alisema wifi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniacha nipulize vanishi."

Wifi alimjibu taratibu kwamba alimletea ua mpaka mezani, akalitupa. Bi Matone alisema ua si mdomo, na mdomo alikuwa nao.

"Huo mdomo ulinifunga wewe, mbele za watu," alisema wifi. "Na siku ulipoanza kuimba kule ndani, nikasema sitaufungua mimi."

Akalia, yule aliyekuwa hajafanya kosa lenyewe. Bi Matone hakulia wala hakumbembeleza. Uchungu ulikuwa umemjaa, lakini hakupata mtu wa kumpakulia. Aligeuka akarudi nyuma, na siku nyingi katika nyumba ile hakikusikika kijembe.

Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua jambo la mwisho, bila kukusudia. Alikuwa ameketi mbele ya mbao akasugua jicho jipya lililokuwa likimwasha, akalifunika kwa kiganja. Jicho la kushoto, lile la zamani, lenye mtoto wake, likabaki peke yake. Na picha zikarudi. Karatasi ikawa nyeupe, zambarau ikatulia, maua yakasimama uwanjani kama kabla ya maghala. Akakiondoa kiganja, yakazama kwenye buluu. Akakirudisha.

Daktari alikuwa amesema la kushoto lisichelewe, likiachwa litaziba. Siku yake ilipofika wifi alivaa, akatengeneza mkoba, akaenda kumwita. Alimkuta mbele ya mbao, kiganja kikiwa juu ya jicho la kulia.

"Nenda kawaambie siji," alisema Bi Matone.

"Litaziba, wifi."

"Najua. Acha nizione mpaka lizibe."

Wifi alisimama na mkoba wake. Alikuwa na mengi ya kusema, na safari hii hakuna aliyemzuia. Akauweka mkoba chini, akavuta kigoda, akakaa kando yake, akainyooshea kidole ile picha iliyokuwa mbele yao.

"Hili ua ni rangi gani?" aliuliza.

"Zambarau."

Wifi alilitazama lile ua la buluu juu ya karatasi ya buluu, akalitazama kwa muda.

"Ndiyo," alisema. "Zambarau."